Kwa nini simu ikisahaulika kwenye gari hurudi, lakini chupa ya chai ndio basi tena?

#1 BintiMakorora
Habari za jioni wakuu. Nina swali na nina kisa.

Swali: hivi hapa Tanga kwa nini ukisahau simu kwenye gari unaweza ukaipata, ukisahau pochi yenye kitambulisho pengine utapigiwa, lakini ukisahau kitu kisicho na bei hukioni tena mpaka kiama?

Kisa: Jumamosi nilikuwa natoka Korogwe, arobaini ya shangazi yangu. Nilikwenda na chupa ya chai ya marehemu mama, maana shughuli zetu kila mtu anakwenda na vyombo vyake kusaidia. Sio hizi za plastiki za siku hizi. Ni zile za Kichina za zamani, bati lenye maua mekundu, kioo ndani. Kizibo chake cha asili kilishapotea zamani, akaweka kingine akakizungushia kipande cha kanga ili kikaze. Kwenye kitako kuna herufi Z, kaiandika kwa rangi ya kucha, vyombo visichanganyike kwa watu.

Nimepanda Kosta mpaka stendi ya Kange, Kange nikachukua daladala mpaka Ngamiani, nikamalizia na bajaji hadi nyumbani. Nimeshuka na mtoto, begi, na kapu la ndizi. Chupa hakuna.

Kesho yake nilirudi Kange kuulizia, wapiga debe wakacheka. Mmoja kaniambia, "Dada si ununue nyingine, elfu kumi na tano tu." Hapo ndipo paliponiuma kuliko hata kupotea kwenyewe.

#2 MchungwaWaMuheza
Pole sana. Naweka kambi hapa.

#3 MtuWaSahare
Hii chai imekolea tangawizi.

#4 BintiMakorora
MtuWaSahare, mwenzio nalia wewe unacheza. Haya.

#5 KondaMstaafu
Pole dada. Mimi nimening'inia mlangoni miaka mingi, njia za mjini na baadaye Kosta za Korogwe. Ngoja nikwambie yanavyokwenda.

Simu hairudi kwa sababu konda ni malaika. Simu inarudi kwa sababu inapiga kelele. Mwenyewe anapiga, abiria wote wanaisikia, utaizima vipi mbele za watu? Pochi nayo ina kitambulisho, picha ya mtu inakutazama. Chupa haina mdomo. Inabiringika chini ya siti mpaka usiku.

Halafu kuna jambo abiria wengi hamlijui. Uliyempa nauli mchana si lazima awe ndiye anayefunga hesabu jioni. Konda akichoka anamwachia dei waka, kibarua wa siku, raundi mbili tatu. Dei waka hajui nani alikaa wapi wala nani kashuka na nini, yeye anawaza chake tu. Jioni gari linakwenda kuoshwa, kijana wa kuosha anafagia kila kitu: kandambili ya mguu mmoja, kofia ya mtoto, miwani, kadi ya kliniki, bakuli lina ndizi zimechacha. Sisi tulikuwa tunaviweka juu ya dashibodi. Kikikaa siku mbili hakijaulizwa, suka, yaani dereva, anafoka: toeni takataka zenu hapa, sioni barabara. Ndio mwisho wake huo.

Ulikuja kuuliza kesho yake, umejitahidi. Lakini ulimuuliza mpiga debe. Mpiga debe kazi yake ni kujaza gari, humo ndani haingii.

#6 MamaWaPangani
KondaMstaafu kwa hiyo unakiri mlikuwa mnatupa vitu vya watu?

#7 KondaMstaafu
Mama, shikamoo. Tulikuwa tunatupa bakuli lenye uvundo. Bakora ya mzee hatutupi, ile unaiogopa hata kuishika.

#8 MamaWaPangani
Marahaba. Hapo kwenye bakora umesema kweli. Baba yangu alisahau bakora yake kwenye pantoni, pale Pangani kuvuka kwenda Bweni. Ilikuwa ya mpingo, kaachiwa na baba yake. Ile bakora imevuka mto kwenda na kurudi mchana kutwa. Mtu wa pantoni aliiegemeza pale pale alipoiacha mzee, watu wanapita pembeni, pikipiki zinapita, mbuzi wanapita. Alasiri baba karudi, kaikuta. Hakuna aliyethubutu.

Ndio maana mimi siamini kwamba kitu cha bei rahisi hakirudi. Inategemea ni kitu cha nani.

#9 Mdadisi_Duga
Mama, kwa heshima, pantoni si mfano mzuri. Pantoni ina pande mbili tu, Pangani na Bweni, na watu wake ni wale wale. Mtu akishuka na bakora isiyo yake atakutana nayo msikitini Ijumaa. Daladala inakwenda kwa wasiojuana. BintiMakorora kapanda magari matatu, kila moja na watu wake.

Kwanza tuanze na la msingi. Mara ya mwisho kuiona ilikuwa wapi?

#10 BintiMakorora
Segera ninayo, hilo naapa. Gari lilisimama, nikammiminia mtoto chai kwenye kifuniko, akaniunguza na mimi kidogo. Muheza nadhani ilikuwa kati ya miguu yangu, maana nilinunua machungwa dirishani nikaisogeza nipate kuinama. Baada ya hapo mtoto alilala mapajani, sikumbuki kitu.

#11 Mwanasafari255
Mimi nahisi umeiacha Kabuku. Pale magari mengi yanasimama watu wanashuka kula, na vitu vingi vinapotea pale.

#12 MchungwaWaMuheza
Mwanasafari255, jina lako na safari zako haviendani. Kabuku iko upande wa Dar ukishaivuka Segera. Mtu anatoka Korogwe kuja Tanga anakata kushoto pale Segera, anapita Hale, Muheza, Pongwe, anaingia Kange. Labda dereva awe amelala.

#13 Mwanasafari255
Sawa mkuu, nimekuelewa. Nilidhani anatoka Dar.

#14 MtuWaSahare
Kosta ikiwa imelala na dereva wake inaweza kufika hata Chalinze 😂

#15 MchungwaWaMuheza
Mimi kwa upande wangu naangalia Muheza. Nimekulia pale, nimeuza machungwa dirishani nikiwa darasa la tano. Gari likisimama ni vurugu, wauzaji wananing'inia, chenji inapita huku, machungwa yanapita kule, na konda anafungua mlango kushusha wa Muheza. Mtu anayeshuka haangalii anachobeba, anazoa kila kilichopo miguuni pake aondoke kabla gari halijaondoka naye. Ukiisogeza chupa ili uiname, umeisogeza kwenye miguu ya nani? Ya jirani. Jirani kashuka wapi?

#16 BintiMakorora
Jirani yangu alikuwa mama mmoja wa makamo, alishuka Muheza kweli. Lakini yule mama ni mtu wa heshima, alikuwa anavuta tasbihi njia nzima.

#17 Mdadisi_Duga
Tasbihi haizuii mtu kuzoa chupa isiyo yake kwa bahati mbaya.

#18 OstadhiWaMtaaWaPili
Assalaam alaykum. Mmefika kwenye tasbihi, nami niseme kidogo.

Kitu kilichookotwa kina hukumu yake katika dini, wala si hukumu ya "mwenye bahati kapata". Mafundisho ya Mtume (s.a.w.) ni kwamba aliyeokota akitambue chombo chake na kamba yake, yaani alama zake, kisha akitangaze mwaka mzima. Mwenyewe akija akataja alama, apewe. Herufi Z ya rangi ya kucha na kizibo cha kanga ndizo alama hizo hasa. Aliyeokota hana ruhusa ya kusema "sikujua cha nani" kabla ya kutangaza.

#19 Mdadisi_Duga
Waalaykum salaam ostadhi. Lakini si ipo pia habari ya Mtume kuokota tende njiani, akasema lau asingehofia kuwa ni ya sadaka angeila? Maana yake vitu vidogo havitangazwi mwaka.

#20 OstadhiWaMtaaWaPili
Ipo, na ni sahihi. Wanazuoni wametoa humo kwamba kitu duni ambacho mwenyewe hawezi kukifuatilia hakihitaji tangazo la mwaka. Sasa swali lako ulirudishe kwa dada: je, mwenyewe anakifuatilia au hakifuatilii? Huyu karudi mpaka Kange na kafungua uzi. Chupa hii si tende.

#21 MamaWaPangani
Umenena ostadhi. Uduni wa kitu hapimi aliyeokota.

#22 WakiliKivuli
Naongezea kwa upande wa serikali. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 258 kinachoeleza wizi, kimegusa vitu vilivyookotwa. Kwa ufupi: aliyeokota akakitumia hahesabiwi kafanya kwa hila kama wakati ule hamjui mwenyewe na anaamini, kwa sababu za maana, kwamba mwenyewe hawezi kupatikana.

Kwa hiyo siku ya kwanza konda au muosha gari anaweza kujitetea. Lakini ukishakwenda kituoni ukatangaza, na yeye akasikia, utetezi wake umeisha. Ndiyo faida ya kwenda kuulizia hata kama watu wanacheka.

#23 MtuWaSahare
Wakili unataka tumfungulie mtu kesi ya chupa ya chai? Mahakama ya Mwanzo watatuuliza kielelezo namba moja kiko wapi, tuseme kina maua mekundu.

#24 WakiliKivuli
Sijasema kesi. Nimesema sheria. Hata taarifa ya upotevu polisi siku hizi unaijaza mtandaoni, ingawa wengi wanaitumia kwa laini za simu na vyeti.

#25 JiraniWaKanisaKuu
Kila mtu kaleta wake, na mimi nilete wangu. Kwetu Wakatoliki vitu vilivyopotea tunaviombea kwa Mtakatifu Antoni wa Padua, na Kanisa Kuu letu hapa Tanga limepewa jina lake. Sikukuu yake ni tarehe 13 Juni. Marehemu bibi alipoteza sindano ya kushonea kwenye basi (ndiyo, sindano, msicheke) na akaipata imechoma kwenye upindo wa gauni lake mwenyewe.

#26 MtuWaSahare
Hapo Mtakatifu hakusumbuka.

#27 BintiMakorora
😂😂 Nimecheka mpaka machozi, asante. Kwetu nyumbani mama mwenyewe alikuwa anatuambia tusome sura ya Wadhuha kitu kikipotea. Nimeisoma.

#28 MzeeWaReli
Vijana mmejaa mambo. Nimesoma kuanzia juu.

Tatizo ni kwamba hakuna mahali. Enzi ya treni mtu akisahau kitu kulikuwa na mahali pa kwenda: stesheni. Mkuu wa stesheni ana chumba, ana daftari, ana funguo kiunoni. Mimi nimefanya kazi reli hii. Mjomba wangu alisahau kofia ya mkono, ile ya vitobo, aliyoshonewa na mkewe, kwenye behewa la daraja la tatu. Aliipata Korogwe baada ya wiki, imekunjwa vizuri, imeandikwa kwenye karatasi tarehe na namba ya behewa. Hakuna aliyemcheka kwamba kofia si mali.

Gari lako la Kosta stesheni yake ni ipi? Kange ni uwanja. Kila gari lina tajiri wake, kila tajiri ana konda wake, na ukiuliza kila mtu anamnyooshea mwenzake kidole.

#29 Mwanasafari255
Mzee shikamoo. Kweli Waingereza walipojenga reli walileta na utaratibu wake.

#30 MzeeWaReli
Marahaba. Sio Waingereza. Reli ya Tanga imejengwa na Wajerumani. Walianza hapa Tanga 1893, wakafika Muheza 1896, Moshi wakaingia 1911. Mwingereza kaja kukuta reli ipo baada ya vita ya kwanza. Mwanangu, wewe leo hujapata hata moja.

#31 MchungwaWaMuheza
Mwanasafari255 badilisha jina 😂

#32 FundiVyombo_Ngamiani
Nimechelewa, nilikuwa kazini. Mimi natengeneza vyombo, majiko, na hizo chupa. Dada, nina swali la kitaalamu. Kioo cha ndani cha chupa hiyo kilishawahi kubadilishwa?

#33 BintiMakorora
Mara nyingi. Mama alikuwa akisikia tu "chwaa" ndani anajua kimekwenda. Anafungua kitako, anamwaga vigae, anaweka kingine.

#34 FundiVyombo_Ngamiani
Na mkono wa kushikia?

#35 BintiMakorora
Umefungwa waya. Wa asili ulikatika.

#36 FundiVyombo_Ngamiani
Haya. Kioo si chenyewe, kizibo si chenyewe, mkono si wenyewe. Kwa hiyo cha asili kilichobaki ni bati. Na hiyo bati nikigonga inatoa sauti ya kutu, nazijua. Sasa tunatafuta nini hasa?

#37 MamaWaPangani
Fundi wewe una roho ngumu.

#38 BintiMakorora
Tunatafuta Z, kaka fundi. Aliandika nikiwa nimemshikia kichupa cha rangi. Mkia wa Z ulimponyoka ukaenda mpaka ukingoni, akasema acha hivyo hivyo, ndio itajulikana zaidi.

#39 FundiVyombo_Ngamiani
Sawa. Hapo sina neno.

#40 BabaNoah
Niwape kisa kinyume. Nilinunua Noah iliyotumika, imetoka Japan, imeshuka bandarini Dar. Siku ya kwanza naisafisha, chini ya siti ya nyuma kwenye reli za siti nikakuta kifuko kidogo cha kitambaa, kama kidole gumba, kimefungwa kamba kwa fundo zuri, kina maandishi ya Kijapani ya nyuzi za dhahabu. Kuna mtoto wa watu huko analia au mzee wa watu. Sikuweza kukitupa. Kiko kwenye boksi la gari mpaka leo, pamoja na karatasi za bima.

#41 Mdadisi_Duga
Hiyo inaitwa omamori. Ni hirizi yao, wanachukua kwenye mahekalu, kuna za safari salama, za mitihani, za uzazi. Za gari zipo nyingi. Na desturi yao haifunguliwi.

#42 MtuWaSahare
BabaNoah umeleta jini la Kijapani Tanga? Hapa wenyeji wenyewe wanatosha, hakuna nafasi.

#43 BabaNoah
😂 Mpaka sasa sijapata ajali, acha likae.

#44 Mdadisi_Duga
Na huko Japan kitu kikiokotwa kinapelekwa kituo kidogo cha polisi cha mtaani. Sheria yao inampa aliyeokota haki ya kudai zawadi kati ya asilimia 5 na 20 ya thamani, na mwenyewe asipotokea kwa miezi mitatu anaweza kupewa yeye. Nimeishi huko kwa masomo, mwavuli wangu wa bei ya chini kabisa niliupata.

#45 KondaMstaafu
Asilimia 20 ya elfu kumi na tano ni elfu tatu. Kwa elfu tatu mimi ningeitafuta hiyo chupa kwa tochi.

#46 MzeeWaReli
Wajapani nao wana treni. Nimesema mimi.

#47 Mdadisi_Duga
Mzee, mwavuli niliusahau kwenye basi.

#48 ShogaWaDonge
Mnazunguka mbali, jibu liko karibu. Pale stendi kuna wauza chai na kahawa kila kona. Chupa nzuri ya zamani inayoshika moto ikiokotwa na konda inauzwa hapo hapo kwa buku tano. Nenda Kange asubuhi, kagua chupa za mama ntilie kitako kwa kitako.

#49 MtuWaSahare
Muuza kahawa wa Tanga ana dele na mkaa, hana shida na chupa ya maua. Shida yake ni wewe kula kashata na kusema utalipa kesho.

#50 ShogaWaDonge
Nimesema chai na kahawa. Chai ya rangi ya alfajiri inauzwa kwenye chupa, usinibishie, ndugu yangu anaifanya.

#51 KondaMstaafu
ShogaWaDonge yuko sahihi kidogo. Lakini chupa iliyofungwa waya mkononi haiuziki. Atapewa tu bure, aitumie mpaka "chwaa", aitupe. Samahani dada, nasema ukweli wa kazi.

#52 BintiMakorora
Wakuu, kuna jipya. Mke wa binamu yangu kapiga sasa hivi kutoka Korogwe. Nilimwambia jana aangalie kule nyumbani. Anasema kuna chupa moja imebaki jikoni haina mwenyewe. Bati, maua mekundu. Nikamwambia geuza kitako. Kasema kuna herufi, rangi ya kucha, lakini ni M.

#53 MchungwaWaMuheza
Eeeh!

#54 MamaWaPangani
Ndio hapo. Vyombo vimechanganyika shughulini, mimi nilikuwa najua toka mwanzo. Mwenye M kaondoka na Z, wewe umeondoka na ya mtu wa tatu au hukuondoka na kitu.

#55 Mdadisi_Duga
Taratibu. M kubaki Korogwe haithibitishi kwamba Z imechukuliwa na mwenye M. Inawezekana M kasahau yake tu, kama mleta uzi. Dada anaapa Segera alikuwa na chupa yake.

#56 MamaWaPangani
Segera alimimina chai. Je, aligeuza kitako?

#57 BintiMakorora
Sikugeuza, ilikuwa na chai! Lakini kizibo kilikuwa changu. Kanga ile ya bluu naijua kwa kuishika tu.

#58 ShogaWaDonge
Dada yangu, umewahi kuosha vyombo vya arobaini? Chupa zinapangwa huku zimeinamishwa, vizibo vyote vinatupwa kwenye beseni moja. Ukimaliza kila mtu anadaka chupa, halafu anatafuta kizibo chake beseni. Kizibo umekijua, umekichomeka kwenye chupa yoyote yenye maua. Taa ya jikoni ilikuwaje?

#59 BintiMakorora
Umeme ulikuwa umekatika. Tuliosha kwa tochi ya simu.

#60 MtuWaSahare
Yaani chupa iliyopotea kwenye gari huenda wala si ya mama yako, ni ya mtu mwingine ambaye naye muda huu anafungua uzi Korogwe 😂😂

#61 MamaWaPangani
Na kizibo ndicho kilichopotea kwa hakika. Maskini.

#62 KondaMstaafu
Mimi bado nasimama na gari. Kizibo hakibadiliki hovyo, vile vya kuzungushia kitambaa vinakaa kwenye mdomo wake tu, kingine hakiingii.

#63 FundiVyombo_Ngamiani
Sio kweli KondaMstaafu. Midomo ya chupa hizo za zamani inafanana sana, na ndiyo maana ya kitambaa: ukipungua unaongeza, ukizidi unapunguza. Kizibo cha hivyo kinaingia kwenye chupa nyingi tu.

#64 KondaMstaafu
Fundi haya, hapo nakuachia.

#65 OstadhiWaMtaaWaPili
Kama ndivyo, dada naye ana jukumu. Ikibainika alibeba chupa ya mtu na imempotea mkononi mwake, amtafute mwenyewe waelewane.

#66 BintiMakorora
Ostadhi usinizidishie presha, nilikuja kutafuta ya kwangu.

Nimefanya hivi: nimetuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la wanawake wa shughuli, kila mtu ageuze kitako cha chupa yake anitumie picha. Mpaka sasa zimekuja picha za herufi kibao, H, S, nyingine nyota, mmoja kaandika jina zima. Z hakuna. Wanne bado hawajajibu, mmojawapo hana simu ya picha, yuko Hale.

#67 MchungwaWaMuheza
Wa Hale nipe mtaa kwa pembeni, Alhamisi napita na mzigo.

#68 KondaMstaafu
Na mimi nimempigia kijana mmoja anaosha magari, anazijua Kosta zote za Korogwe. Ameuliza hiyo ya Jumamosi mchana ilikuwa na pazia za rangi gani?

#69 BintiMakorora
Zambarau. Zile za dereva zina vishada.

#70 KondaMstaafu
Eh. Kama ndiyo hiyo naifikiria, tajiri wake kaihamisha njia Jumatatu. Inakwenda Horohoro sasa, mpakani na Kenya.

#71 MtuWaSahare
Ikivuka Lungalunga itadaiwa pasipoti.

#72 Mdadisi_Duga
Si ina Z kitakoni, tutasema ni ya Zanzibar.

#73 MzeeWaReli
Nyie hamna adabu. KondaMstaafu, muulize huyo kijana alikitupa wapi alichofagia Jumamosi. Jaa lenyewe ndilo la kuangalia kabla mvua haijanyesha, bati lile halitamaliza masika.

#74 KondaMstaafu
Nimemuuliza mzee. Anasema Jumamosi hakufagia yeye, alimwachia dei waka.

#75 MuuzaVyombo_TZ
Habari dada, nimeona tangazo lako. Ninazo chupa mpya lita 2 na lita 3, maua mekundu na ya bluu, naleta mpaka mlangoni Tanga mjini yote.

#76 MchungwaWaMuheza
Huyu hajasoma hata post ya kwanza. Msimamizi ondoa matangazo.

#77 BintiMakorora
Msimwondoe kwanza. MuuzaVyombo, kioo cha ndani peke yake unauza bei gani?